Barua ya Nani Inafungua Mlango? Historia ya Kudhaminiwa pale Tunduma

Mwezi uliopita nilialikwa Tunduma na vijana watatu niliowahi kuwafundisha. Wamepanga chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri, mahali ambapo ukifungua dirisha unaiona foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, na ukilifunga bado unayasikia. Humo ndani wanaandika programu kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani: nani kaleta magunia mangapi ya mchele, nani kachukua kwa mkopo, gari la nani limebeba, deni limebaki kiasi gani. Ni kazi ambayo hadi leo hufanywa na daftari la mistari na kumbukumbu ya mama muuzaji, na mara nyingi kumbukumbu hiyo huwa sahihi kuliko daftari.

"Shikamoo, Mwalimu," waliniamkia, na kabla sijamaliza soda yangu wakanionyesha ubao ukutani. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: WAINGIE KWA NANI? Chini yake kuna orodha: Google, Facebook, Apple, X, namba ya simu, namba ya NIDA, nywila yetu wenyewe. Walikuwa wamebishana kwa wiki mbili. Mmoja alitaka zote saba, ili asiachwe mtu nje. Wa pili alitaka moja tu, ili kazi iishe. Wa tatu, binti ambaye ndiye anayeandika sehemu kubwa ya programu hiyo, alitaka kwanza aelezwe ni nani atakayepokea simu usiku pale watu watakaposhindwa kuingia.

Nadhani walichohitaji ni mvi za kukatia ubishi. Mimi ni mwalimu wa historia. Kompyuta naitumia kama wengi wenu, kwa kubahatisha. Lakini nilipoutazama ubao ule niliona swali ninalolijua. Nikaomba wiki moja. Haya ndiyo majibu yangu, marefu kuliko walivyoomba, na nimeona niyaweke hapa kwa sababu hayawahusu wao peke yao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kujiuliza kinachotokea anapobonyeza "Ingia kwa Google": programu haikujui, na haitaki kukujua. Inakutuma kwa mtu mwingine inayemwamini. Huko unaonyesha siri yako, naye anaandika barua fupi yenye muhuri wake, isemayo kwamba mwenye barua hii namjua, ni fulani. Unarudi mlangoni na barua hiyo. Programu inaukagua muhuri, inafungua. Siri yako haikuonekana na mwenye mlango hata kidogo. Barua yenyewe hudumu muda mfupi, kisha inachakaa na inabidi iandikwe nyingine. Yeyote aliyewahi kwenda kwa mtendaji wa kata kuomba barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki anaujua mfumo huu vizuri, pamoja na foleni yake na pamoja na swali la mtendaji, "Mbona sikuoni kwenye mikutano?"

Swali la ubao, basi, ni hili: mlango wetu upokee barua za nani? Na Tunduma ni mji uliozaliwa na swali hilo.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano ya kugawana nchi, na kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wakapitisha mpaka kwa kufuata barabara. Iliitwa barabara ya Stevenson, kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha za kuijenga, na Waingereza walisisitiza ibaki upande wao. Wapimaji walifika mwaka 1898 kuweka alama ardhini. Wanyamwanga, ambao hawakuulizwa, wakajikuta nusu yao wako kwa Mjerumani na nusu kwa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Tunduma ya leo iko huku, Nakonde iko kule, na katikati kuna mstari ambao mtoto aliyetumwa chumvi huuvuka bila kuangalia chini.

Kabla ya mstari huo, mgeni katika nchi hii alijulikana kwa mwenyeji wake. Misafara iliyopita kati ya maziwa hayo mawili haikuuliza hati. Iliuliza, umefikia kwa nani? Mwenyeji ndiye aliyekuwa barua. Mgeni akiiba, mwenyeji analipa. Mgeni akidhulumiwa, mwenyeji anadai. Baadhi walichanjiana damu ili uwenyeji huo ugeuke undugu. Sitaki kuupamba mfumo huu. Mwenyeji alichukua chake katika kila mzigo, na asiye na mwenyeji aliweza kuuzwa; hiyo ndiyo miaka ambayo Mlozi alikuwa na ngome yake Karonga na pembe zilikwenda pwani pamoja na watu. Lakini tulishike jambo moja: mwenyeji alikuwa na cha kupoteza pale barua yake ilipokuwa ya uongo.

Mjerumani alileta barua ya aina nyingine. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na kiwango cha kijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Aliyelipa alipewa stakabadhi. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya 1922. Karatasi ile haikukusudiwa kueleza mtu ni nani. Ilikusudiwa kueleza kwamba rupia zimeingia, na baadaye shilingi. Lakini askari wanaposimamisha watu njiani, karatasi inayosema umelipa hugeuka kuwa karatasi inayosema wewe ni mtu. Babu yangu alizitunza stakabadhi zake katika mkebe wa tumbaku, moja juu ya nyingine, na hakuitupa hata moja mpaka alipofariki, ingawa nyingi zilikuwa za serikali iliyokwisha kuondoka. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni fedha.

Mkebe ule ndio ulionifundisha swali ambalo sasa nawauliza wanafunzi wangu kila tunapofika kwenye somo la hati. Yule aliyeliandika jina lako mara ya kwanza, alikuwa anatafuta nini? Maana kile alichokitafuta ndicho kitakachobaki ndani ya hati, hata miaka mia baadaye ikitumika kwa jambo jingine kabisa.

Kanisa, kwa mfano, lilitafuta roho, nalo likaacha cheti cha ubatizo. Wamoravia walifungua misheni Mbozi mwaka 1899. Ng'ambo ya mpaka, Waskoti walikuwa Mwenzo. Hadi leo wako wazee wa mkoa huu ambao uthibitisho pekee wa mwaka wao wa kuzaliwa ni mwandiko wa mchungaji. Na kule Mwenzo, mwaka 1912 na tena mwaka 1923, wasomi wachache wa misheni, miongoni mwao Donald Siwale na David Kaunda, baba wa rais wa kwanza wa Zambia, waliunda chama cha kujadili mambo ya watu wao, kodi ikiwa mojawapo. Waliozoeshwa kuandikwa na wengine walianza kujiandika wenyewe. Hilo lina makala yake siku nyingine.

Mwajiri alitafuta nguvu. Dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa mkoa wetu, iliwavuta maelfu katika miaka ya 1930, na huko, kama katika mashamba ya mkonge, mtu alipewa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama, na ujira hauji mpaka siku zitimie. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba, ambako hati ya kujitambulisha iliitwa chitupa. Wengine walichukuliwa na Wenela hadi Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukomesha uajiri huo. Neno kipande lina historia mbili, na ni vema kutozichanganya. Kwetu lilikuwa kadi ya kuhesabia siku. Kenya lilikuwa jambo zito zaidi: sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanaume Mwafrika kubeba hati yenye alama za vidole na maoni ya mwajiri, ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa madai yake. Kasoro ya kibati kile haikuwa kwamba kilimtambulisha mtu. Kasoro yake ni kwamba aliyekiandika alikuwa mwajiri mmoja, na kila mlango uliofuata ulisoma maneno ya huyo mmoja.

Uhuru ulipokuja, majirani wawili wa mpaka huu walikwenda njia tofauti. Zambia iliwapa raia wake kadi ya usajili tangu miaka yake ya mwanzo. Namba yake ina mikwaju miwili, na tarakimu ya mwisho ikiwa 1, wewe ni raia. Tanzania haikufanya hivyo. Sheria ya usajili na utambuzi wa watu ilitungwa mwaka 1986 na ikakaa kabatini. Kwa miongo kadhaa, basi, mtu wa Nakonde alikuwa na kadi, na binamu yake wa Tunduma alikuwa na balozi wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa mwenyeji wa zamani aliyevishwa sare ya chama. Alikujua kweli: anajua mkeo, deni lako, ng'ombe wako. Barua yake ilifungua hospitali, shule na kituo cha polisi. Lakini alikuwa na haki ya kutokuandika, na wengi mnakumbuka barua zilizokwama kwa sababu ya mchango wa mwenge au ugomvi wa mpaka wa shamba. Baada ya mwaka 1992, vyama vilipokuwa vingi, balozi akabaki wa chama kimoja, na barua zikahamia kwa mwenyekiti na mtendaji. Katika mji kama Tunduma, ambao mwaka 2015 ulimpeleka bungeni mbunge wa upinzani, mtu angeweza kusubiri barua siku tatu bila kuambiwa sababu.

Hati nyingine zilijaza pengo. Stakabadhi ya kodi ya maendeleo, mjukuu wa ile ya babu yangu, iliulizwa barabarani mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Kisha kikaja kitambulisho cha mpiga kura, kilichotolewa kwa ajili ya daftari la kudumu. Aliyeliandika jina lako alikuwa anatafuta kura, lakini benki, kampuni za simu na polisi walikipokea, maana kilikuwa na picha na karibu kila mtu mzima alikuwa nacho. Leseni ya udereva ilipokelewa, pasipoti ilipokelewa. Haukuwa mfumo wa kupendeza. Ulikuwa mlango wenye wadhamini wengi, kila mmoja na upungufu wake, na aliyekosa mmoja alikwenda kwa mwingine.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vikazinduliwa Februari 2013. Namba yake ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe yako ya kuzaliwa. Kwa jambo lenyewe sina ugomvi. Taifa linayo haki ya kuwajua watu wake. Lililonitia mashaka ni la Mei 2019, serikali ilipotaka kila laini ya simu isajiliwe upya kwa alama za vidole na kwa namba hiyo. Mlango uliokuwa na wadhamini watano ukabaki na mmoja. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba. Rais Magufuli, akisajili laini yake mwenyewe Chato siku chache kabla, aliongeza siku 20. Januari 2020 nani hakuziona zile foleni? Katika mikoa ya mpakani zilikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu kabla ya kupewa namba ulitakiwa kuthibitisha kwamba wewe si wa ng'ambo, na kuna familia ambazo kwa miaka mia moja na ishirini zimekuwa za ng'ambo zote mbili.

Mama yangu alikuwa na namba. Alikosa vidole. Miaka sitini ya jembe ilikuwa imeifuta mistari yake, na mashine ya wakala ilimkataa mara nne mchana huo, kisha mara tatu kesho yake. Wakala hakuwa mtu mbaya. Alimpaka mafuta vidoleni, akampangusa, akajaribu tena. Laini ilifungwa ikiwa na fedha za kahawa ya msimu ule. Tulizipata baadaye, kwa safari tatu na kwa kuwa mwanawe ni mwalimu wa chuo anayejua kuandika barua kali. Jirani yake hakuwa na mtoto wa namna hiyo.

Sasa turudi ghorofani, maana vijana wangu wanasubiri, na wadhamini waliopo ubaoni nao wana historia yao. Ni fupi, na imejaa vifo.

Mwaka 1999 Microsoft ilileta huduma iliyoitwa Passport, ikitumaini kuwa mdhamini wa milango yote ya intaneti. Wenye milango waliogopa kumkabidhi mmoja funguo zote, na mpango haukufika ulikokusudiwa. Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick alibuni OpenID, ambamo mtu angeweza kumchagua mdhamini yeyote, hata kujidhamini mwenyewe kwa tovuti yake. Lilikuwa wazo zuri lililowachosha watu wa kawaida. Mwaka 2008 Facebook ilileta kitufe kimoja cha rangi ya buluu, na watu wakakibonyeza. Mozilla ilijaribu njia yake, Persona, kuanzia 2011; ikaifunga Novemba 2016. Google iliacha kuupokea mfumo wa zamani wa OpenID mwaka 2015, na kuingia kwa Google+ kukaisha mwaka 2019. Kila mmoja wao alipofunga, kulikuwa na milango midogo iliyolazimika kuwaandikia wateja wake: yule aliyekuwa anakudhamini hayupo tena, tafadhali tafuta mwingine.

Na hata walio hai huzirai. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka duniani kwa saa kama sita, na waliozoea kuingia kwingine kwa kitufe chake wakabaki nje huko kwingine pia. Septemba 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameiba tokeni, yaani barua zenye muhuri tayari, za mamilioni ya akaunti. Hapa kwetu kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya California havina. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilizimwa nchi nzima. Mdhamini anayeweza kuondolewa kwa simu moja kutoka ofisini si wa kuwekwa peke yake mlangoni mwa mama mwenye magunia arobaini ya mchele njiani.

Nikawauliza vijana swali la mkebe wa babu kwa kila jina ubaoni. Google ilipoandika jina la mtu ilitafuta nini? Matangazo, ndiyo, lakini hapa Tunduma kuna jibu la karibu zaidi. Binti alinieleza, na nilicheka mpaka nikaona aibu. Mtu akinunua simu janja ya kwanza, muuza simu humfungulia akaunti ya Gmail palepale kaunta, maana bila hiyo duka la programu halifunguki. Jina hubuniwa, nywila huandikwa na muuza simu, mara nyingine ni ileile kwa wateja wote. Mteja huondoka bila kujua kwamba ana barua pepe. Simu ikipotea, akaunti imepotea. Kwa hiyo Google ikiandika barua yenye muhuri kwamba inamjua mama huyu, inayemjua kwa kweli ni muuza simu.

Facebook wengi wanayo, kwa majina ambayo mchungaji hakuwabatiza. Apple ina tabia ya mgeni wa harusi: mwaka 2019 ilitangaza kwamba programu za simu zake zikipokea barua za wadhamini wengine lazima zipokee na yake, baadaye ililegeza kidogo. Kwa kuwa wateja wa vijana hawa hawana simu hizo, jina hilo lilifutwa bila mjadala. X lilifutwa kwa mjadala mfupi.

Namba ya NIDA ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Kijana aliyetaka mdhamini mmoja alikuwa na hoja nzito: ndiyo pekee inayomjua mtu halisi, haibuniwi kaunta. Ni kweli. Lakini nusu ya watakaotumia programu hii wako Nakonde, na kadi yao ni ya mikwaju. Wengine wako huku na hawajapata. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na awe na sababu ya kila anachokikusanya. Programu ya kuandika madeni ya mchele ina sababu gani ya kujua uraia wa mtu? Anayeuza kwa mkopo hahitaji kujua kama mdeni wake ni raia. Anahitaji kujua kama ni yuleyule wa jana.

Sentensi hiyo si yangu, ni ya binti, na ndiyo iliyougeuza mjadala. Wadhamini wengi tuliowapitia katika historia hii walijibu swali "huyu ni nani?" ilhali sokoni swali ni "huyu ni yuleyule?" Kodi, kazi, kura, uraia: kila kimoja kilitaka jina kamili. Mwenyeji peke yake aliridhika na uso.

Wakaamua hivi. Shina ni namba ya simu na namba ya siri ya tarakimu chache, kwa sababu hata kitochi kinaweza. Kila mtu ana mstari wake ndani ya programu, wenye namba ya ndani isiyobadilika, na wadhamini wanafungwa kwenye mstari huo kama kamba kwenye mti. Kamba ikikatika mti haungoki. Hilo lilikuwa kosa la mpango wao wa kwanza: walikuwa wameifanya anwani ya barua pepe kuwa ndiyo mtu. Laini mbili zinaruhusiwa, ya Tanzania na ya Zambia, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa hapa wanazo zote na ujumbe wa kuthibitisha haufiki mtu akishapita Isoka na laini ya huku. Google itapokelewa, lakini kama kamba ya pili, kwa aliyekwisha ingia. Facebook haitapokelewa. Yule aliyetaka zote saba alinung'unika mpaka binti alipomkumbusha kwamba kila kitufe kinachoongezwa ni funguo za kutunza, masharti yanayobadilika bila taarifa, na mteja anayesahau alibonyeza kipi mara ya mwisho, akabonyeza kingine, akakuta daftari tupu na kupiga simu saa tano usiku akilia kwamba madeni yake yameibwa.

Bado kulikuwa na mtu aliyepoteza laini zote mbili. Laini hufungwa, namba hugawiwa mtu mwingine, vidole hufutika. Nilikuwa na mfano wa nyumbani. Binti akapendekeza wenyeji: wafanyabiashara wawili waliomo tayari katika programu wathibitishe kwamba huyu ni yuleyule, naye arudishiwe daftari lake kwa laini mpya.

Nilipinga. Niliwaeleza kuhusu balozi na mchango wa mwenge. Nikasema udhamini wa watu huuzwa. Kesho kutakuwa na kijana pale stendi anayethibitisha yeyote kwa elfu mbili. Hawakuwa na jibu kamili, na sioni kwamba lipo. Walikubaliana wathibitishaji wawe watu ambao mhusika amewahi kufanya nao biashara ndani ya programu kwa miezi mitatu, na jina la aliyethibitisha libaki limeandikwa, ili barua ikiwa ya uongo ijulikane ni ya nani.

Kabla sijaondoka walimwita mama mmoja muuza mchele, mwenye banda hatua chache kutoka kwenye mstari, wakamwonyesha namna inavyofanya kazi. Akawasikiliza huku akihesabu noti za kwacha. Wakamuuliza, mama, ukipoteza laini zako, ungependa nani aulizwe kukuhusu? Tulitarajia amtaje dada yake, au mwenyekiti wa mtaa. Akamtaja mwanamke wa Nakonde ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hawasalimiani tangu mwaka jana.

"Huyo si mgombana naye?" kijana akauliza.

"Ananidai kwacha elfu nne," mama akasema. "Hawezi kusema hanijui."

Binti alikwenda ubaoni akaandika, chini ya orodha yote iliyofutwa: *anayekudai*. Bado wanajadili kama hilo linaweza kuandikwa katika programu.